Ulikimbia Katika Timu ya Chuo, Sasa Unafundisha Riadha Sekondari

Mwanariadha anayemaliza chuo na kukabidhiwa filimbi katika shule ya sekondari huingia uwanjani na mzigo asioutambua, nao ni programu ya mazoezi iliyomfaa yeye alipokuwa na miaka 22. Programu hiyo iache nyumbani. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayetembea kilomita nne kwenda shule na nne kurudi, tena ana uji tu tumboni, hatamaliza mizunguko kumi ya mita 400 eti kwa kuwa wewe uliimaliza.

Kabla ya yote, onana na mkuu wa shule na mwalimu wa michezo, ambaye kwa kawaida utakuwa chini yake hata kama mbio unazijua kumzidi. Kubalianeni siku na saa za mazoezi, pata ridhaa ya wazazi kwa maandishi, na kama kikosi kina wasichana, omba mwalimu wa kike awepo. Mambo haya yakirukwa, huibuka siku ya safari ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, basi likiwa tayari linanguruma.

Wiki mbili za kwanza usipime muda, tazama tu. Brother Colm O'Connell alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kutoka Ayalandi kufundisha jiografia, bila kuwa mtu wa riadha, na ndiye aliyemnoa David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 jijini London mwaka 2012. Kwa maoni yangu ugeni huo ulimfaa, kwa kuwa hakuwa na mbio zake mwenyewe za kuwalinganisha nazo vijana. Wewe unazo, hivyo itakubidi ujizuie. Angalia ni nani anakimbia mabega yamepanda, na nani anachechemea akidhani humwoni.

Kosa kubwa la vijana ni kuondoka kwa pupa. Kila mmoja anataka kuwa Mtanzania Filbert Bayi kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, alipoongoza mita 1500 tangu mwanzo na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. Pima uwanja kwa kamba, weka alama ya majivu kila mita 100, kisha piga filimbi kila baada ya sekunde 24. Filimbi inapolia, mkimbiaji awe kwenye alama. Aliyewahi amekosea sawa na aliyechelewa. Kwa mwendo huo mita 1500 huisha kwa dakika sita kamili. Utamwona aliyewahi akirukaruka kwenye majivu akisubiri, wenzake wakimcheka, na baada ya siku chache ataacha, kwa sababu miguu imeanza kuhesabu yenyewe. Hapo ndipo upunguze hadi sekunde 23.

Medali zako za chuo zionyeshe wakiuliza. Usishindane nao mazoezini. Ukikimbia, kaa nyuma na wa mwisho, maana huko ndiko utakakosikia pumzi inavyokatika.