Masaula huokotwa, hayaangushwi

Kamwene. Msaula, ambao wengine huuita mbura, ni ule mti wa miombo unaobaki kijani wakati jirani zake wamebaki fito tupu. Ukiwa na shaka, geuza jani: juu kijani, chini jeupe-jeupe kama limepakwa jivu. Nyama ya tunda kila mtoto wa huku Iringa anaijua. Kinachosahaulika ni kokwa, tunayoitema na kuendelea na safari, kumbe ndani yake kuna kiini chenye mafuta. Majani ya maboga yakiungwa kwa karanga ni matamu. Yakiungwa kwa kiini cha msaula, mume wangu haulizi nyama.

Kazi hii mimi naianza Mei, ingawa matunda kwetu huanguka kuanzia mwisho wa Oktoba hivi, mawingu ya mvua yakianza kukusanyika. Mei nyasi bado zina unyevunyevu, na moto ukiwashwa jioni, upepo ukiwa umetulia, hutambaa chini na kuzimika wenyewe usiku. Tunachoma ukanda mwembamba wa nyasi kuzunguka eneo la misaula, kamati ya kijiji ikiwa imekubali na majirani wameambiwa. Usipofanya hivyo, moto wa Septemba utakuja tu, uwe wa mwindaji au wa mwenye shamba aliyezembea. Huo hautambai chini. Unapanda mpaka kwenye matawi, na wakati huo mti una maua na vitunda vichanga. Mwaka juzi ulipita upande wetu wa juu na msimu mzima sikujaza hata sado moja.

Ruhusa usiifanyie mzaha. Kama msitu ni wa kijiji, nenda kwa Kamati ya Maliasili. Kama ni hifadhi ya serikali, uliza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu kabla hujaingia na gunia, kwa sababu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haiangalii mti peke yake. Matunda nayo ni mazao ya msitu. Msaula uliobaki katikati ya shamba la mtu una mwenyewe. Piga hodi.

Sasa kuokota. Nenda asubuhi, usipande juu, usirushe rungu. Saula likiwa mtini bado halijaiva hata kama limenenepa. Likianguka ndipo linamalizia kuiva chini, kwenye majani makavu, na harufu yake utaisikia kabla hujaliona. Vijana hupiga matawi kwa fito ili wajaze haraka. Wanachovuna ni matunda machachu, na vijitawi ambavyo vingezaa mwakani vimelala chini. Mara moja mnunuzi mmoja alitaka magunia kwa haraka, nami kwa tamaa nikachanganya mabichi. Baada ya wiki gunia lote lilikuwa limeota kuvu. Tangu siku hiyo nafuata mti mmoja baada ya mwingine, narudi kila siku ya tatu, na yaliyotobolewa au kung'atwa nayaacha pale pale. Nguruwe na nyani nao wana zamu yao, na ndio wanaobeba kokwa mbali na mti mama.

Hapa nina ubishi kidogo na wenzangu. Wanasema ukiacha kokwa za kutosha msitu utajirudishia. Kokwa ya msaula ni ngumu na huota kwa shida sana. Miche mingi ninayoiona mimi ni machipukizi ya mizizi, yanayochomoza hatua kadhaa kutoka kwenye shina. Kwa hiyo angalia unapokanyaga. Kila ninapookota naacha machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, nayafyekea nyasi pembeni, na nafunga kitambaa chekundu ili mwenye jembe ayaone. Na magome ya mti usiyabandue kuzunguka shina lote kwa ajili ya dawa. Mti uliovuliwa hivyo unakauka.

Nyumbani loweka matunda, kamua nyama (hiyo ya uji au togwa), osha kokwa, kisha anika juu ya kichanja, si chini penye mchwa. Wiki tatu za jua zinatosha kwangu. Tikisa moja sikioni: kiini kikianza kucheza ndani, imekauka.

Kuvunja ndiko kunakofukuza watu. Wifi yangu aliponikuta mara ya kwanza aliuliza, "Wifi, unaponda kokoto?" Tafuta jiwe pana lenye kishimo kidogo, simamisha kokwa kwa ubavu wake, shika juu kwa vidole viwili, piga kwa jiwe la kujaa kiganjani. Pigo la kwanza dogo, la kusikilizia. La pili ndilo la kupasua. Ukipiga kwa hasira kiini kinasagika pamoja na maganda na utatafuna mchanga. Ikipasuka utakuta vyumba viwili, na kiini kimefungwa kwenye manyoya ya kahawia kama sufu. Manyoya hayo yanakera koo. Kaanga viini kwenye chungu kikavu kwa moto mdogo, vifikiche vikiwa vya moto, upepete kwenye ungo. Chenye kuvu au kilichosinyaa kikawa cheusi, tupa.

Usivunje zote siku moja. Kiini kilichotolewa huchacha upesi, lakini ndani ya kokwa kinakaa vizuri, kwa hiyo natunza kokwa nzima kwenye gunia juu ya dari ya jiko na kuvunja za siku mbili tatu. Debe zima la kokwa hunipa viini vya bakuli moja la mboga, ndiyo maana sokoni Mashine Tatu, Iringa mjini, sipeleki viini, napeleka matunda. Viini ni vya Januari na Februari, mahindi yakiwa bado shambani na karanga zimepanda bei. Twanga kinuni mpaka vitoe mafuta, changanya na maji kidogo, mimina kwenye majani yanapokaribia kuiva, funika.