Kupima msukosuko wa bakteria bila kuuchanganya na ule wa maji

Bakteria wakisongamana huogelea kwa pamoja na kufanya mizunguko; huo ndio msukosuko tunaoupima hapa. Tumia bakteria Bacillus subtilis wa aina inayoogelea vizuri. Zimua mbegu uliyootesha usiku mara 200 katika mchuzi mpya wa lishe, kisha tikisa kwa nyuzijoto 37 za Selsiasi hadi OD (kipimo cha ukungu wa mchuzi kwa mwanga) ya nanomita 600 ifike 0.3. Zungusha mililita 50 kwenye sentrifuji kwa 1,500 g (mara 1,500 ya nguvu ya mvutano wa dunia), dakika 10. Mwaga maji ya juu, lainisha mashapo taratibu katika mililita 0.5 au pungufu. Usiongeze kasi ya mashine wala kuyavuta kwa pipeti yenye ncha nyembamba: flajela (mikia ya kuogelea) hukatika, na seli isiyo nazo ni mzigo kwa wenzake. Lengo ni seli bilioni 10 au zaidi kwa mililita. Chini sana ya hapo kila mmoja huogelea kivyake.

Tenga vioo viwili kwa utepe wa unene wa maikromita 100 hivi, tia tone, acha pande mbili wazi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Seli zikisongamana hivyo humaliza oksijeni ndani ya dakika chache, basi rekodi mapema, karibu na ukingo unaogusa hewa. Halafu igeuze kasoro hiyo iwe kipimo: ziba pande zote kwa vaselini, usubiri. Mwendo ukifa, ulikuwa wa bakteria. Usipokufa, tone linavuja au linapashwa joto na taa. Tupa video hiyo.

Kwa lenzi ya 20x, picha 50 kwa sekunde zinatosha. Kwenye programu ya PIV, inayopima mwendo kwa kulinganisha vipande vidogo (vidirisha) vya picha zinazofuatana, kila kidirisha kisizidi maikromita 10 hivi, maana mizunguko yenyewe ina upana wa makumi machache tu ya maikromita na kidirisha kikubwa huifuta.

Sasa ulinganishe. Maji yanayopita ndani ya bomba huanza kuwa na msukosuko namba ya Reynolds (uwiano wa inesia, yaani ukaidi wa kitu kubadili mwendo, na mnato) ikikaribia 2,000. Ya bakteria mmoja ni kama 0.0001, kwa hiyo inesia haina kauli. Mtoni nishati huingia kwenye mizunguko mikubwa, ikavunjikavunjika hadi mnato uimeze. Huku kila seli inasukuma yenyewe, nishati inaingia kutoka chini, na mizunguko ina ukubwa inaoupendelea. Ndiyo maana spektra ya nishati (mchoro wa nishati kwa kila ukubwa wa mzunguko) hutoa nundu. Usilazimishe juu yake mteremko wa −5/3 wa Kolmogorov, ule wa msukosuko wa maji: tofauti uliyo nayo kati ya mizunguko midogo na mikubwa ni ndogo mno, na katika kipande kifupi hivyo karibu mkunjo wowote huonekana mstari ulionyooka.