Somo: Kurudi dojo (ukumbi wa karate) ukiwa na miaka arobaini na presha

Osu wote. Wiki hii watu wanne wameniuliza jambo lilelile: "Daktari kaniambia nifanye mazoezi, na zamani nilikuwa napiga karate. Naweza kurudi?" Unaweza. Ila usirudi kama nilivyorudi mimi.

Nilikaa nje miaka tisa. Siku niliyorudi nilivaa gi, vazi letu la mazoezi, iliyonibana tumboni, nikajipanga mstari wa mbele kwa sababu ya mkanda wangu wa kahawia, na tulipoanza kurukaruka nikasikia "pa!" nyuma ya mguu. Nikageuka kumtazama aliyenipiga teke. Hakukuwa na mtu. Msuli wa kigimbi ulikuwa umechanika. Jioni jirani akaja na mafuta ya moto kunichua, nami nikanyoosha mguu kama mfalme. Asubuhi ulikuwa umevimba hadi suruali haipiti. Wiki sita nyumbani.

Ninayoeleza hapa ni ya Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, ndiyo ninayoijua. Wa Shotokan na judo mtachukua kinachowafaa.

Hatua ya 1: Pima kabla hujafua gi

Presha na sukari. Kaa kitini dakika tano bila kupiga soga, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, na usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Kipimo kikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha, kamwone daktari mpange. Kikifika 180/110, siku hiyo huji dojo, hata kama unajisikia mzima. Presha haina adabu ya kubisha hodi. Na kama kifua hubana unapopanda ngazi, au umewahi kuzimia ukiwa mazoezini, moyo uangaliwe kwanza.

Hatua ya 2: Mwezi wa kwanza wewe ni mkanda mweupe

Siku mbili kwa wiki, dakika arobaini, basi. Wengi hujipima kwa mapigo ya moyo, lakini baadhi ya dawa za presha huyashusha, kwa hiyo hesabu inakudanganya. Sisi tuna kipimo chetu: piga ngumi huku ukihesabu kwa sauti kwa Kijapani, ichi, ni, san, mpaka ju (kumi). Pumzi ikikatika kwenye roku (sita), umekwenda kasi mno. Punguza, hata kama watoto wa mkanda wa njano wanakuacha. Wataacha kukucheka wakifika umri wako.

Hatua ya 3: Pasha, kisha upoze

Dakika kumi na tano za kutembea, kuzungusha nyonga na mabega, kupanda na kushuka kwa vidole vya miguu. Kujivuta misuli kwa muda mrefu kuache kwa mwisho. Ukimaliza, usisimame ghafla ukaenda kuketi ukutani. Dawa nyingi za presha hulegeza mishipa, damu ikabaki miguuni na kichwa kikazunguka. Tembea dakika tano kwanza.

Hatua ya 4: Sanchin, taratibu

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Chojun Miyagi (1888–1953), mwanzilishi wa mtindo huu, aliiweka Sanchin, kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa) ya kupumua na kukaza, kwenye moyo wa mafunzo. Unakaza mwili mzima, kuanzia vidole vya miguu hadi shingo, huku unapumua kwa kusukuma. Tatizo ni pale mwanafunzi anapofunga koo na kukaza kwa wakati mmoja, uso ukawa mwekundu na mishipa ya shingo ikasimama. Presha hupanda hapohapo, na hupanda sana. Hata asiye na ugonjwa anaweza kuona giza.

Mwenye presha afanye hivi: mdomo wazi kidogo, hewa itoke muda wote ngumi inapokwenda, sauti yake iwe kama ya mtu anayepuliza chai, isiwe ya mtu anayebeba gunia. Kaza nusu tu. Mkiwa na desturi ya kupigwapigwa mabega ili kupimwa ukakamavu, mwambie senpai wako (aliyekutangulia dojo) akuruke. Na umwambie sababu, usione haya. Nimeona watu wanaficha presha kana kwamba ni deni. Jina lenyewe la mtindo linabeba vitu viwili, "go" ugumu na "ju" ulaini, lakini watu wengi hununua nusu ya kwanza tu.

Hatua ya 5: Magoti

Kumbi zetu nyingi ni saruji, na tunapiga peku. Ukipiga mawashi geri (teke la kuzungusha) bila kugeuza mguu uliosimamia, mwili unazunguka, wayo umebaki, na goti ndilo linalolipa. Inua kisigino, geuza, halafu piga. Kwenye shiko-dachi, ule mkao wa chini wa miguu iliyotanuliwa, goti lifuate uelekeo wa vidole, lisiporomoke ndani. Hakuna sheria inayotaka ushuke chini kama kijana wa miaka kumi na nane.

Kumite (kupambana na mwenzako) ni baada ya miezi mitatu, na kinga ya meno mdomoni.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo sensei. Nina miaka 41, natumia dawa za presha, na goti likisumbua nameza diklofenaki kabla ya kuja. Kuna ubaya?*

Marahaba dada. Upo. Dawa za jamii hiyo zinaweza kupandisha presha na kuzielemea figo, zaidi ukiwa umepungukiwa maji. Tena zinanyamazisha maumivu yanayokuambia uache. Mweleze daktari wako, na goti lipumzishwe.

*Mimi nina kisukari, najichoma insulini. Naruhusiwa?*

Ndiyo, ila pima kabla. Sukari ikiwa chini ya 5 mmol/L, kula kitu kwanza. Soda ya kawaida au glukosi ikae pembeni ya ukumbi, na mwenzako mmoja ajue kwamba ukitetemeka na kutoka jasho la baridi si uchovu. Kagua nyayo kila ukimaliza, kidonda kidogo usikiache kilale.

*Kifundo kimeteguka jana. Nichuliwe?*

Siku mbili tatu za kwanza, hapana, wala mafuta ya moto. Barafu ndani ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, bandeji, mguu juu ya mto. Ukishindwa kukanyaga hatua nne, nenda ukapigwe picha.

*Juzi nilikula teke la kichwa nikaona nyota. Jumamosi nina mtihani wa mkanda, nifanye tu?*

Kaka, mtihani utarudi. Usipigane wala kupiga kata mpaka daktari akuruhusu, ukirudi urudi kidogo kidogo. Ukitapika, ukisinzia ovyo, au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali, iwe mchana au usiku wa manane.

*Mfungo unakaribia. Tunasimamisha?*

Hatusimamishi. Tunapiga kata polepole nusu saa kabla ya magharibi, ili ukimaliza ukutane na tende na maji. Mazoezi mazito tunahamishia baada ya tarawehe. Wenye dawa za presha, hasa zile za kukojoza, muulizeni daktari saa za kumeza kabla mwezi haujaandama.