Jinsi ya kupata mgahawa mzuri wa mboga katika mji wa pwani

Kwenye mji wa pwani, asiyekula nyama hasumbuliwi sana na nyama. Nyama huonekana kwenye sahani, huandikwa kwenye menyu, na mhudumu huitaja bila kuulizwa. Kinachomponza ni samaki asiyeonekana: wali uliopikwa kwa supu ya vichwa vya samaki, mboga za majani zilizotiwa kijiko kimoja cha sosi ya samaki, chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga ngisi, viungo vya kusaga vyenye kamba wakavu ndani yake. Mpishi hana nia mbaya. Kwake huyo samaki ni kiungo kama chumvi, na chumvi haitajwi kwenye menyu. Ndiyo maana kibao cha mlangoni chenye picha ya jani hakitoshi. Unahitaji kujua jiko lile linapika vipi, na mengi ya hayo unaweza kuyajua kabla hujavuta kiti.

Weka mipaka yako kwanza

Anayekula maziwa na mayai ana migahawa mingi ya kuchagua kuliko vegani, ambaye hali chochote kilichotoka kwa mnyama, asali ikiwemo. Ila pwani kuna maswali mengine mawili ya kujijibu mapema. Je, utakula kilichokaangwa kwenye mafuta yaliyopitia samaki? Je, utakula mboga zilizochomwa juu ya wavu uleule wa samaki? Kila mtu ana jibu lake, lakini ukishalipata utajua kama unatafuta jiko lisilopika samaki kabisa au utaridhika na lenye sufuria ya pembeni. Mkisafiri wawili au zaidi, kubalianeni haya kabla njaa haijawakuta barabarani.

Kutafuta mtandaoni

Anzia HappyCow, orodha ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1999. Hugawa migahawa katika makundi matatu makuu: ya vegani tupu, ya mboga ambayo maziwa na mayai yanaweza kuwemo, na ya kawaida yenye baadhi ya vyakula vya mboga. Kundi la tatu ndilo la kuchunguza sana pwani, kwa sababu mgahawa wa samaki wenye saladi moja na tambi za nyanya unaweza kuingia humo bila kosa lolote.

Hatua ya pili ni ramani. Katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuirekebisha, mgahawa unaweza kuwekewa alama ya diet:vegan au diet:vegetarian ikifuatiwa na neno: "only" ni kwamba hawapiki kingine, "yes" ni kwamba vyakula hivyo vipo, na "limited" ni kwamba vipo vichache sana. Tofauti kati ya "only" na "yes" ndiyo tofauti kati ya jiko lisilo na samaki na jiko lenye samaki, kwa hiyo usiridhike kuona alama tu. Soma neno linaloifuata.

Sasa soma maoni ya wateja, na yapange kwa tarehe, mapya yakiwa juu. Miji ya pwani huishi kwa misimu: wageni wakiondoka, migahawa mingine hufunga miezi kadhaa, mingine hupunguza menyu na kubadilisha wapishi. Sifa zilizoandikwa msimu uliopita zinaweza kuwa za mpishi ambaye hayupo tena. Kama hakuna maoni ya miezi mitatu ya karibuni, hesabu kuwa hujui kama mlango uko wazi, na upige simu. Ndani ya maoni tafuta maneno mahususi kwa lugha ya mji huo: "dengu", "tofu", "supu", "mafuta", "mhudumu". Sentensi moja ya mtu aliyeuliza kuhusu kikaangio ina thamani kuliko nyota nyingi zisizo na maelezo.

Picha zilizopigwa na wateja zinasema ukweli zaidi ya zile za mwenye mgahawa. Angalia sahani za mboga na ujiulize shibe inatoka wapi. Ukiona dengu, maharage, njegere, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) au karanga, kuna mtu jikoni aliyefikiria mlo kamili. Ukiona kila sahani ni biringani za kuchoma, majani na chipsi, ujue hapo sahani ya mboga ni ile ya samaki iliyoondolewa samaki tu, na utatoka na njaa huku umelipa bei ileile.

Tafuta kwa mapishi, usitafute kwa neno "mboga" pekee

Migahawa mingi mizuri haijitangazi kwa neno hilo. Inapika mboga kwa sababu za dini au mila, na imefanya hivyo kwa vizazi. Kila mapishi yana mtego wake, na mitego hiyo haifanani.

Migahawa ya Kihindi ya mboga ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi duniani. Udupi, mji wa pwani ya Karnataka, umelipa jina lake kundi zima la migahawa ya aina hii ndani na nje ya India. Mla mboga yuko salama kabisa humo: nyama, samaki na mayai havipikwi. Vegani lazima aulize kuhusu samli, mtindi na jibini ya paneer, kwani dengu nyingi humaliziwa kwa kijiko cha samli ya moto iliyokaangiwa viungo dakika ya mwisho. Omba wakaangie viungo kwa mafuta ya mimea. Ni ombi dogo, maana hatua hiyo hufanywa sahani ikikaribia kutoka. Migahawa ya Govinda's ya wafuasi wa Hare Krishna, dhehebu la Kihindu, nayo haina nyama, samaki wala mayai, lakini maziwa ni mengi.

Mapishi ya Kiethiopia yana vyakula vya mfungo, visivyo na nyama, maziwa wala mayai, vinavyopikwa hasa Jumatano na Ijumaa. Omba sahani ya mfungo na utaletewa dengu, njegere na kabichi juu ya injera, mkate wao mwembamba. Hakikisha mambo mawili: kwamba vitunguu havikukaangwa kwa siagi ya viungo, na kwamba hawatii samaki, kwani wako wanaomhesabu samaki kuwa halali siku za mfungo.

Mfungo wa Kiorthodoksi wa Ugiriki ni mtego mkubwa zaidi kwa pwani. Chakula cha mfungo huko hakina nyama wala maziwa, lakini kamba, ngisi, pweza na kome huruhusiwa. Mtu akikwambia "hiki ni cha mfungo", bado hujajibiwa.

Migahawa ya Kibudha ya Kichina na ya Kivietinamu hupika bila nyama wala samaki, na mingi haitii vitunguu wala vitunguu saumu. "Nyama" ya bandia humo wakati mwingine huunganishwa kwa ute wa yai, basi vegani aulize. Thailand ina chakula kinachoitwa "jay", kisicho na nyama, mayai wala maziwa, na alama yake ni bendera ndogo ya njano yenye maandishi mekundu. Katika kisiwa cha Phuket kuna tamasha lake la siku 9 mwezi wa 9 wa kalenda ya Kichina, ambao huangukia Septemba au Oktoba. Nje ya bendera hizo, mboga za kukaanga za Kithai karibu zote hupata sosi ya samaki au ya chaza.

Kwa mapishi ya Kijapani, tatizo ni dashi, supu ya msingi inayotengenezwa mara nyingi kwa jodari aliyekaushwa na kuparuzwa. Iko kwenye supu ya miso (soya iliyochachushwa), kwenye sosi ya tambi, hata kwenye biringani za kuchemsha. Uliza kama wana dashi ya mwani na uyoga. Ya Kikorea, uliza kuhusu kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa: nyingi huchachushwa na kamba wadogo au sosi ya samaki. Ya Kiitaliano, fahamu kuwa jibini ya Parmigiano Reggiano kwa sheria yake hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, hivyo haimfai hata mla mboga anayezingatia.

Uliza swali lisiloweza kujibiwa kwa "ndiyo"

Piga simu au pita mwenyewe baada ya chakula cha mchana na kabla ya cha jioni. Saa hizo mpishi yupo na hana oda kumi mbele yake. Ukipiga saa ya msongamano utajibiwa na mtu anayetaka kukata simu.

Usiulize "wali wenu hauna samaki, sivyo?" Umeshampa jibu unalolitaka, na kwa heshima atakubali. Uliza hivi:

1. Wali mnaupika kwa maji, kwa supu, au kwa vidonge vya mchuzi?
2. Mchuzi wa mboga mnauanza na nini kwenye sufuria?
3. Mna vikaangio vingapi, na kila kimoja hukaanga nini?
4. Mboga za kuchoma mnazichomea wapi?

Swali la tatu ndilo linaloangusha migahawa mingi. Jiko dogo la pwani mara nyingi lina kikaangio kimoja, na humo hupita samaki, kamba, ngisi, kisha viazi. Kuchuja mafuta huondoa makombo tu. Ladha na mabaki ya samaki hubaki. Wakisema kikaangio ni kimoja, achana na kila cha kukaanga, hata baga ya maharage na maandazi, uagize vya kuchemsha, kuoka au kukaangwa kwenye kikaango kisafi. Kwa wavu wa kuchomea, omba mboga zifungwe kwenye karatasi ya foili au zipikwe kwenye kikaango.

Mahali ambapo hujui lugha, andika kadi, umwombe mwenyeji aitafsiri au uitafsiri mwenyewe mapema, na uihifadhi kwenye simu. Taja wanyama kwa majina, maana kwa watu wengi "nyama" haihusu samaki, na "samaki" hahusu kamba:

"Sili nyama, kuku, samaki, kamba, ngisi, pweza wala chaza. Sili pia supu, sosi, mafuta wala unga uliotokana nao. Ninakula wali, dengu, maharage, tofu, mboga, matunda na mafuta ya mimea. Tafadhali mwonyeshe mpishi."

Vegani aongeze maziwa, siagi, samli, jibini, mayai na asali. Orodha ya unachokula usiiache: mpishi aliyepewa makatazo matupu hukuletea saladi.

Ukiwa katika nchi za Umoja wa Ulaya, tumia Kanuni namba 1169/2011, inayotaka wauza chakula watoe taarifa kuhusu visababishi 14 vya mzio. Maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba, na jamii ya chaza na ngisi vyote vimo. Omba jedwali la visababishi hivyo kwa kila sahani. Dakika mbili zitakuonyesha sosi ya samaki na unga wa maziwa uliojificha. Lakini nyama, supu ya mifupa, gelatini na asali havimo katika orodha hiyo, hivyo sahani isiyo na alama yoyote kwenye jedwali bado inaweza kuwa na kuku. Hayo uulize kwa mdomo.

Ukishafika

Mhudumu anayesema "ngoja nimuulize mpishi", akaenda, akarudi na kusema "hiki sawa, kile hapana", amekupa ishara nzuri kuliko zote. Anayekubali kila kitu hapohapo hajui. Mara ya kwanza agiza sahani moja na uionje kabla hujaagiza za kundi zima. Pita pia mitaa miwili au mitatu nyuma ya ufukwe: mbele ya bahari menyu huandikwa kwa ajili ya mgeni aliyekuja kula samaki, ilhali nyuma kuna migahawa ya wafanyakazi na wakazi, ambayo hupika maharage na dengu kila siku kwa sababu ni rahisi na yanashibisha.

Kama mji hauna mgahawa unaofaa, tengeneza mmoja. Chagua mgahawa wenye mpishi msikivu, umwambie siku moja kabla. Sababu ya kumwambia mapema ni ya jikoni kabisa: maharage makavu na dengu kubwa za mviringo huhitaji kulowekwa kwa muda wa saa 8 hadi 12, kisha kuchemshwa saa moja au zaidi. Ukiomba asubuhi kwa ajili ya mchana, hata akitaka hawezi. Ombi la siku ileile liwe la dengu nyekundu, zinazoiva ndani ya dakika 20 hivi bila kulowekwa, au tofu. Mpe muundo mwepesi: kunde za aina moja, wanga wa aina moja uliopikwa kwa maji, mboga mbili, mafuta ya mimea, ndimu. Ukikaa siku kadhaa, rudi hapohapo. Siku ya tatu atakuwa na sahani yako tayari kichwani.

Vinywaji, kwa kifupi: baadhi ya bia na mvinyo husafishwa kwa gundi ya kibofu cha samaki, na rangi nyekundu E120 hutoka kwa wadudu. Lebo ya chupa mara nyingi haitaji gundi hiyo, basi tafuta chapa ya vegani.

Ukipata mgahawa mzuri, andika maoni yatakayomsaidia anayefuata: tarehe, jina la sahani, supu iliyotumika kwenye wali, idadi ya vikaangio, na kama mhudumu alikwenda kumuuliza mpishi. Kama mgahawa umefunga au umebadili mpishi, rekebisha ramani siku hiyohiyo.