Saketi ya umeme kwa kamba
Mwalimu wa fizikia, kabla hujachora saketi ubaoni, iigizeni kwanza. Wanafunzi wasimame duara, wote washike kwa kulegeza kamba moja iliyofungwa ncha zake. Mmoja awe betri: aivute kamba izunguke. Mwingine awe balbu, aibane kidogo. Muda si mrefu utamsikia balbu akilalamika kiganja kinapata moto (asibane sana, kamba huchubua). Hapo hapo uliza: kamba imepungua baada ya kumpita balbu? Wengi hudhani balbu "hula" mkondo, yaani umeme unaotiririka, ambao hapa ni mwendo wa kamba. Kumbe mkondo ni uleule kote. Kinachotoka ni nishati. Ongeza balbu wa pili, mwendo wa kamba utapungua wenyewe. Mchoro ufuate baadaye.