Namna ya Kumchagulia Mbwa Mteuzi Chakula cha Kopo

Kabla ya kununua kopo lolote, hakikisha kwamba mbwa wako ni mteuzi kweli na si mgonjwa. Mbwa aliyekuwa akila vizuri kisha akaanza kususa ghafla huenda ana jino bovu, fizi zilizovimba au homa inayoletwa na kupe, ambayo huku Afrika Mashariki ni ya kawaida mno na mara nyingi huanza kwa kukosa hamu ya kula. Huyo anahitaji daktari wa mifugo, na kumbadilishia chakula ni kumcheleweshea tiba. Mbwa mteuzi ni yule mwenye nguvu na mwili mzuri, ambaye hunusa bakuli lake, akaondoka, kisha akaja kukaa karibu na meza yenu akisubiri kipande cha nyama.

Ukishika kopo dukani, geuza upande wenye maandishi madogo. Makopo mengi yanayouzwa kwetu yana lebo za Kiingereza, na neno la kutafuta ni "complete", yaani chakula kinachojitosheleza kwa virutubisho vyote. Likiandikwa "complementary", hicho ni cha kuongezea tu, na mbwa akikitegemea peke yake kwa miezi atapungukiwa na madini na vitamini hata kama anakifurahia kila siku. Angalia pia umri uliotajwa, kwa sababu mtoto wa mbwa anahitaji protini na madini kwa kiwango kisicho sawa na cha mbwa mzima.

Jina lililo mbele ya kopo lisikudanganye. Kwa utaratibu unaofuatwa na watengenezaji wa Ulaya, kopo linalosema "with beef" linatakiwa kuwa na angalau asilimia 4 ya nyama ya ng'ombe, na la "rich in beef" asilimia 14. Sehemu iliyobaki inaweza kuwa kuku, maini, mapafu au nafaka. Jambo hili lina uzito kwa mbwa mteuzi: mwenyewe hudhani mbwa wake amekataa nyama ya ng'ombe, kumbe alichokataa ni mchanganyiko ambao ng'ombe ni kionjo tu.

Watu wengi hukosea pia kwenye hesabu ya protini. Lebo ya kopo ikionyesha protini asilimia 8, na ya chakula kikavu ikionyesha 24, mnunuzi huona cha kopo ni hafifu. Lakini chakula cha kopo huwa na maji kati ya asilimia 75 na 82, na kikavu takriban 10. Ondoa maji kwanza: kopo lenye maji asilimia 78 limebakiwa na 22 za chakula chenyewe, na 8 ukigawanya kwa 22 unapata kama asilimia 36. Kile kikavu, kwa hesabu hiyohiyo, kinafika karibu 27. Fanya vivyo hivyo kwa mafuta, hasa ikiwa mbwa wako amewahi kuugua kongosho, kwa maana chakula chenye mafuta mengi kinaweza kumrudishia ugonjwa.

Maji hayo ndiyo yanayofanya kopo liwe ghali. Mbwa mzima wa kilo 10 huhitaji takriban kilokalori 600 kwa siku, na kopo la gramu 400 mara nyingi halifikishi kiasi hicho. Kwa familia nyingi, ninaona ni busara zaidi kuchanganya kopo kidogo na chakula kikavu, mradi vyote viwili viwe kamili.

Kuhusu ladha, mbwa huamua kwa pua kabla ya ulimi. Chakula kilichotoka kwenye friji hakinuki vizuri, kwa hiyo kiongezee maji ya moto kidogo hadi kiwe vuguvugu, wala kisiunguze. Nunua kopo moja moja la aina mbili: laini lililosagwa, na la vipande ndani ya rojo. Wapo mbwa wanaolamba rojo na kuviacha vipande. Hao wape lililosagwa. Usinunue katoni nzima kabla ya jaribio hili.

Ukishachagua, kibadilishe chakula polepole kwa muda wa siku 7, kisha usimame hapo. Mteuzi haishi tamaa, na mbwa anayefunguliwa kopo jipya kila anaposusa hujifunza kwamba kususa kunalipa. Weka bakuli kwa dakika 20, liondoe, na usimpe chochote hadi mlo unaofuata. Lakini mtoto wa mbwa na mbwa mgonjwa wasifanyiwe hivyo, na mbwa mzima asiyekula kabisa kwa siku nzima apelekwe kwa daktari. Chakula kilichobaki kwenye kopo kihamishie katika chombo chenye mfuniko, kikae kwenye friji, na kitumike ndani ya siku 3.