Namna ya kujua kama watu wa ghorofani kwenu wanaridhika kweli

Sisi tunaokaa nyumba za serikali ukituuliza maisha humo yakoje jibu ni moja tu, "tunashukuru Mungu". Na tunashukuru kweli, mtu aliyehangaika miaka na kodi ya miezi sita ya chumba kimoja Manzese hawezi kuiponda nyumba ya vyumba viwili yenye choo ndani, tena mbele ya mtu aliyeshika daftari. Kwa hiyo kama mnataka kupeleka maoni kwa wenye jengo, iwe TBA (Wakala wa Majengo Tanzania) iwe NHC (Shirika la Nyumba la Taifa), swali la "unaridhika?" liacheni kabisa.

Ulizeni mambo yaliyotokea. Wiki iliyopita maji yalikatika siku ngapi? Lifti ikigoma, mgonjwa mnamshushaje? Choo kikiziba unampigia nani na anakuja baada ya siku ngapi? Mimi nilimuuliza mama mmoja wa ghorofa ya sita akaniambia hana shida yoyote mwanangu, nikamuuliza haya jana maji ya kupikia umeyatoa wapi, akanionyesha ndoo nne mlangoni na kijana anayemlipa kila siku kuzipandisha kwa ngazi, na hela hiyo hakuna anayeihesabu popote maana kwenye makaratasi nyumba yake ni ya nafuu.

Na riziki msiisahau. Aliyekuwa anakaanga mihogo barazani sasa yuko ghorofa ya tano, atauzia wapi? Nyumba inaweza kuwa nzuri na mtu akawa na njaa ndani yake, mi naona hili lingeulizwa kwanza kabla hata ya rangi na vigae.

Milango yote hamuwezi kuigonga, Magomeni Kota ya Dar es Salaam peke yake maghorofa yaliyozinduliwa Machi 2022 yana kaya 644, gongeni mlango mmoja kati ya kila mitano mtapata kama 129 hivi, inatosha, ila kila ghorofa iwemo kwasababu wa chini wanateseka na maji taka na wa juu ndo wanakosa presha ya maji. Nendeni jioni na nendeni Jumapili pia, ukienda saa nne asubuhi utawakuta wazee na watoto tu.

Anayeuliza asiwe kiongozi wala yule anayekusanya hela ya usafi na ulinzi. Majina msiandike, namba ya mlango pia msiandike, wapo waliopangisha watu kimyakimya na wakihisi wanachunguzwa hawafungui. Grupu la WhatsApp halitoshi, mule wanaongea walewale watano.

Mwisho ulizeni kama mtu anajua nyumba ni ya nani na analipia nini, maana kuna sheria ya 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo, inataka wamiliki wawe na umoja wao wa kutunza ngazi, paa na lifti, na wengi hata hawajaisikia.

Majibu yakishajumlishwa bandikeni chini kwenye ngazi kwanza, siku tatu nne watu wasome wasahihishe, ndo mpeleke ofisini.